Tahadhari: paipu ya breki ya "chuma kilichosukwa" niliyouziwa Kariakoo ni mpira wa petroli uliovishwa waya

Ninaandika haya nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mtu ameniuzia paipu ya breki ya mbele ambayo haikuwa paipu ya breki hata kidogo, akaniita kaka, akapokea shilingi 165,000 zangu akinitazama usoni, na hadi ninapoandika duka lake liko wazi na kasha lenye paipu nyingine za aina hiyo liko juu ya kaunta likimsubiri mteja mwingine. Paipu hiyo ilinichomokea kwenye kona za Soni, tulipokuwa tukishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo; mliokuwepo mnayajua, na wengine mmekwisha kuyasikia kwa chumvi zaidi kuliko yalivyokuwa.

Pikipiki yangu mnaifahamu: Yamaha XT600E ya mwaka 1995, ambayo mpira wake wa breki ya mbele ulikuwa uleule uliotoka nao kiwandani. Vitabu vya Yamaha vinaelekeza mipira ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka 4, hata kama haijapasuka, kwa sababu mpira uliozeeka hutanuka kila unapobana leva, na nguvu ya mkono wako huishia kuutanua mpira badala ya kufika kwenye kalipa, yaani kibanio cha pedi kwenye diski. Paipu ya waya wa chuma uliosukwa huondoa tatizo hilo: ndani yake kuna mrija wa plastiki ngumu aina ya PTFE, ambayo wengi tunaiita Teflon, na juu yake kuna nyuzi za chuma kisichoshika kutu zilizosukwa kuuzuia mrija usitanuke. Kwa hiyo nilichokwenda kununua kilikuwa kitu cha maana, wala halikuwa pambo, kama baadhi yenu mlivyonitania baadaye.

Nilipofika dukani, muuzaji hakuanza kwa kutaja bei. Aliniomba mpira wa zamani niliokwenda nao, akaukunja kwenye mwanga wa mlangoni, akanionyesha mipasuko myembamba karibu na ncha, akasema: "Kaka, mpira huu ulishakufa, unakubeba kwa huruma tu." Kisha akachukua futi ya fundi cherehani, akaupima kutoka tundu hadi tundu, akaandika urefu kwenye kiganja chake, akaniuliza kama boliti ya banjo, ile yenye tundu inayofunga ncha ya paipu na kupitisha mafuta, ni ya milimita 10 yenye hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya 1.25 au ya 1.0. Niambieni, ni tapeli gani mnayemjua anayeuliza hatua ya uzi wa boliti? Pikipiki nyingi za Kijapani hutumia 1.25, nami nilimjibu hivyo, naye akatikisa kichwa kama mwalimu aliyefurahishwa na mwanafunzi.

Halafu alinipeleka nyuma ya duka, ambako kulikuwa na pikipiki iliyofungwa paipu ya chuma, akaniambia nibane leva mwenyewe. Niliibana. Ilisimama palepale, ngumu, haikusogea tena hata nilipotumia vidole vyote. Tuliporudi kaunta alitoa kwenye kasha paipu inayofanana na ile kwa rangi na kwa mng'ao, akawasha kiberiti cha gesi chini yake, akanionyesha kwamba haiungui. Kijana wake akashika ncha moja, yeye akashika nyingine, wakavutana mbele yangu wakicheka. Leo najua kwamba moto ule ulijaribu waya wa nje tu, na kwamba kuvutana kwa mikono hakufanani hata kidogo na mgandamizo wa mafuta ya breki, lakini pale dukani onyesho lile lilitosha kumshawishi mtu yeyote mwenye akili timamu. Paipu niliyoijaribu kwenye pikipiki ya nyuma ilikuwa ya kweli. Niliyofungiwa kwenye mfuko haikuwa hiyo, na hapo ndipo ulipo ubaya wa mtu huyu: hakosi bidhaa nzuri, anaitumia kama chambo.

Naomba pia ieleweke kwamba sikuokota duka hili barabarani. Nilielekezwa na fundi ninayemwamini, ambaye alikuwa amenunua pedi hapo mara nyingi bila shida, na pedi hizo zilikuwa safi. Risiti niliomba. Nikaambiwa mashine ya EFD haina mtandao, nikaandikiwa risiti ya mkono yenye mhuri, na chini yake maneno kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Niliuliza pia paipu ya nyuma, nikajibiwa kwamba imekwisha na mzigo mwingine uko njiani, jibu lililozidi kunitia imani, kwa kuwa mwongo angeniuzia chochote alichokuwa nacho. Kwa bahati niliondoka na ya mbele peke yake.

Fundi aliifunga kwa washa mpya za shaba, mbili kwa kila boliti, akajaza mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yaliyotoka kwenye chupa iliyofunguliwa papo hapo, akatoa upepo hadi mapovu yakaisha. Leva ilikuwa ngumu na nilifurahi. Muda si mrefu ikaanza kulainika kidogo kidogo. Tulidhani ni upepo uliobaki, tukatoa tena, na mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai iliyochemka usiku kucha, ilhali yalikuwa mapya. Fundi alilaumu uchafu wa masta silinda, yaani pampu ya breki iliyo kwenye leva, akaisafisha, akajaza mafuta mengine, na leva ikawa ngumu tena, kwa hiyo safari ya Lushoto ikaendelea kama ilivyopangwa. Chini ya Soni, nilipobana breki kabla ya kona, ncha ya paipu ilichomoka kwenye kola yake, yaani pete ya chuma inayoibana, leva ikagonga mshikio, na mafuta yakarukia tangi, ambalo rangi yake sasa imebabuka kwa sababu mafuta ya DOT 4 hula rangi. Kilichonisimamisha ni gia na breki ya nyuma, ambayo bado ina mpira wake wa zamani, wa aina ileile ambayo muuzaji alisema imekufa.

Niliporudi Dar es Salaam niliikata paipu ile kwa msumeno. Ndani hamkuwa na mrija mweupe wa PTFE. Mlikuwa na mpira mweusi laini, wa aina ile inayopitisha petroli kutoka tangi hadi kabureta, uliovishwa fulana ya waya. Mpira wa petroli hutengenezwa ustahimili petroli, lakini mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huuvimbisha na kuuozesha, na ndiyo maana mafuta yaligeuka meusi na leva ikawa inalainika. Kiwango cha Marekani namba 106 kinataka paipu ya breki istahimili mgandamizo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4,000 kwa dakika 2 bila kupasuka. Hii haikustahimili mkono wangu.

Nilimpelekea vipande. Hakushtuka. Aliniambia fundi wangu alikaza boliti kupita kiasi, kisha kwamba nilitumia mafuta yasiyofaa, kisha akanionyesha maneno ya kwenye risiti, na mwishowe akawaambia wateja waliokuwepo kwamba mimi nimetumwa na mshindani wake. Mbele ya watu! Kijana aliyevuta ncha siku ile alikuwa amesimama pembeni akitazama simu. Mtu anayeuza shati feki anakuibia fedha, lakini anayeuza paipu ya breki feki anajua kwamba kuna siku itakatika mtu akiwa kwenye mteremko, pengine amempakia mwanawe nyuma, na bado anaweka fedha mfukoni na kwenda kula. Sitaki kurudishiwa fedha tu. Nataka kasha lile lote likamatwe na kuteketezwa, duka lifungwe, na yeye afikishwe mahakamani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, ambayo Tume ya Ushindani inaisimamia, na ahukumiwe kifungo, kwa sababu faini ataifidia kwa kuuza paipu nyingine kumi. Malalamiko yangu kwa Tume yako tayari pamoja na vipande na picha, na nakala itakwenda Shirika la Viwango. Jina la duka nimeliandika humo.

Kuhusu dalili, kwa kuwa mtaniuliza: kola inayobana ncha ya paipu halali hubanwa kwa mashine, na alama zake huwa sawa pande zote, lakini yangu ilikuwa na meno ya jiliwa upande mmoja. Haikuwa na maandishi yoyote ya mtengenezaji, tarehe wala herufi DOT za kiwango cha Marekani, si kwenye paipu yenyewe wala kwenye mkanda wa lebo unaovishwa paipu, ingawa herufi hizo anaweza kuzichapa yeyote, kwa hiyo kuwepo kwake pekee kusiwatulize. Ilikunjika kirahisi mno. Na mafuta mapya yakigeuka meusi baada ya kubadilisha paipu, msiisumbue masta silinda kama tulivyofanya sisi, ifungueni paipu. Nyingine zitanijia hasira ikitulia.

Yeyote aliyenunua paipu ya namna hii Kariakoo miezi ya karibuni asiipande pikipiki hiyo hadi paipu itolewe, arudishie hata mpira wake wa zamani kwa muda ikiwa haujapasuka. Paipu iliyotolewa isitupwe. Ileteni pamoja na risiti, hata kama ni ya mkono, tuikate mbele ya mashahidi, ili malalamiko yaongezwe kwenye faili lilelile kabla mtu huyo hajahamisha kasha lake.