Tuisheni ya fasihi ya Jumamosi, Mtwara mjini: nimekaa wiki nne, haya ndo niliyoyaona

Mdogo wangu yuko kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Siku moja karudi amenuna, wamepewa wasome insha ya mwaka 1729 ya Jonathan Swift, mwandishi wa Ayalandi, "A Modest Proposal", akaniambia, dada, huyu mzungu anataka watoto wa maskini wachinjwe waliwe, mi sisomi kitu kama hiki. Nikasikia kuna ticha mstaafu anafundisha Jumamosi saa nane mchana, chumba cha nyuma cha steshenari moja maeneo ya Chikongola, elfu tatu kwa kichwa. Nilimpeleka nikijua namsubiri tu nje, mwisho nililipa na mimi.

Ticha hakuanza na habari za mwandishi. Alisema kila mtu ataje sentensi yenye neno kula lakini chakula hamna ndani. Mmoja akasema wamekula hela za kikoba, mwingine mzani umenila, dada mmoja wa Newala akasema baba yangu aliliwa na kangomba. Kwa wasiojua, mtu wa kangomba anakuja kabla ya msimu, ndani unga hamna, mtoto anaumwa, anakupa hela kidogo leo na korosho zako zikidondoka zinakuwa zake kwa bei anayotaka yeye. Hapo ndo ticha akatufungulia pale Swift anaposema nyama hii itawafaa sana wenye ardhi, kwa sababu wao wameshawala wazazi, kwahiyo na watoto wana haki nao kuliko mtu mwingine. Mdogo wangu alipiga mstari chini ya hiyo sentensi mpaka karatasi ikachanika.

Kwa kweli sijawahi kuona kejeli inafundishwa hivi. Shuleni tulikariri tu, kejeli ni kusema kinyume cha unachomaanisha, basi, unajibu mtihani. Ticha yeye anakupeleka mpaka ndani. Alituonyesha kwamba anayeongea kwenye ile insha sio Swift, ni mtu katengenezwa, mtu wa mahesabu, na kumjua ni rahisi, maana mwishoni anajitetea kuwa hana faida yoyote, mtoto wake mdogo ana miaka tisa na mke ameshapita umri wa kuzaa, wakati Swift mwenyewe alikuwa mkuu wa kanisa la St Patrick pale Dublin na hakuwa na mtoto. Halafu akaandika hesabu ubaoni kama ilivyo: Ayalandi ina watu milioni moja na nusu, wanawake wa kuzaa 200,000, toa 30,000 wenye uwezo wa kulea, toa 50,000 ambao mimba zitatoka au mtoto atakufa kabla ya mwaka, wanabaki watoto 120,000, humo 20,000 wa mbegu na 100,000 wa kuuza. Sauti ya mtu anayepiga hesabu za mbuzi wa mnadani. Inaumiza, na ndo ilivyokusudiwa iumize, mavuno yalikuwa mabaya miaka ile na wenye ardhi wengi wanakaa zao Uingereza wanaletewa kodi za mashamba huko huko.

Sasa lawama yangu, na naisema kwa sababu napenda kazi yake. Fotokopi tulizouziwa zilikuwa pungufu, ukurasa wa karibu na mwisho haupo, na ule ndo wenye dawa yote! Pale yule mtu anasema asije mtu akaniambia habari za kuwatoza kodi wenye ardhi wanaoishi nje, kuvaa nguo zilizotengenezwa kwetu, kuwafundisha wenye ardhi wawe na huruma hata kidogo kwa wapangaji. Hayo ndo aliyokuwa anayataka Swift mwenyewe, la nguo za nyumbani alishaliandikia tangu 1720. Bila huo ukurasa mtu anaondoka anaamini mwandishi alikuwa mkatili, kama alivyoamini mdogo wangu. Tumeupata Jumamosi ya tatu, kijana mmoja kaufungua kwenye simu. Ticha aliomba radhi lakini steshenari bado wanauza zile zile, mia tano. Jamani, warudufu upya.

Joto nalo ni kali, feni moja watu kumi na tisa, na mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa husikii kitu. Historia ya Ayalandi anaipitia mbio mbio mno, mi ningependa aikalie.

Nyota nne. Kuanzia mwezi ujao wanaingia kwenye Kusadikika ya Shaaban Robert, nimeshamlipia mdogo wangu na mimi mwenyewe. Ukienda fika saa saba na nusu ukae upande wa dirishani, na ile insha iprinti mwenyewe, kurasa zote.