Fundi wa kebo aliyeniharibia mlango wa mninga

Nimechonga mbao tangu ujana wangu, na katika karakana yangu ya Keko, Dar es Salaam, wamepita mafundi wengi wa umeme, lakini sijapata kukasirishwa na yeyote kama nilivyokasirishwa na huyu aliyenifungia kebo za mashine ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta. Jina lake silitaji. Akisoma atajijua.

Mashine niliinunua ikiwa imeshatumika na nyaya zake zimechoka, kwa hiyo nilimkabidhi kazi yote ya kuzibadilisha: za mota zinazosogeza daraja (boriti inayobeba kisu juu ya meza), za mota ya kukatia, na za swichi zinazozuia mashine isipite mwisho wa meza. Alimaliza baada ya siku chache. Kwa wiki kadhaa kazi ilikwenda vizuri, ingawa mara nyingine mashine ilisimama ovyo, nami nikawa namsifu kwa majirani, jambo ambalo linaniuma hadi leo.

Kisha, masika yakielekea ukingoni, nikaweka mezani ubao wa mlango wa mteja, mninga mkavu wa Tabora, uliobakiza ua moja tu la katikati. Kisu kilipofika kwenye petali ya tatu, sauti ya mashine ikabadilika. Mota ya kwenda kushoto na kulia ikaguruma pasipo kusogea, ilhali daraja liliendelea kwenda mbele na kurudi kama kawaida, na petali iliyopaswa kuzunguka ikawa mfereji ulionyooka. Kompyuta haikusimamisha chochote, kwa sababu mota za aina hii hupokea amri tu, hazirudishi taarifa kwamba amri imetekelezwa. Hadi mkono wangu unafika kwenye kitufe cha dharura, mfereji ulikuwa umezidi urefu wa kiganja, na kwa kina chake haukuwa wa kuzibwa kwa gundi na vumbi la mbao.

Fundi alikuja baada ya kupigiwa simu mara nyingi. Hakugusa kitu. Alisimama mlangoni, funguo za pikipiki mkononi, akasema ubao ulikuwa na unyevu. Nilipomwambia kwamba umekaa juu ya dari zaidi ya mwaka, akasema basi ni umeme wa mtaa kushuka. Nikamwomba afungue mnyororo wa plastiki unaobeba kebo na kujikunja pamoja na daraja. Akanijibu mbele ya vijana ninaowafundisha kazi: "Mzee wangu, wewe ni mtu wa mbao, mambo ya umeme niachie mimi." Akawasha pikipiki akaenda zake. Kuitwa mzee ni heshima, na nimezoea kuitwa hivyo. Lakini siku hiyo neno lile lilitumika kunifunga mdomo ndani ya karakana yangu mwenyewe.

Jioni ile nilizima umeme wote, nikasubiri robo saa ili chaji iliyobaki ndani ya inveta, kifaa kinachoendesha mota ya kukatia, iishe, nikazichomoa waya za ile mota pande zote mbili. Upande wa mota niliziunganisha mbili mbili, na upande wa kisanduku cha umeme nikaweka mita inayolia pale njia inapokuwa nzima, kisha nikamwagiza kijana asukume daraja polepole kwa mkono. Mita ililia mfululizo hadi daraja lilipokaribia mahali pale pale palipoharibika ua, ikanyamaza. Tukarudisha nyuma kidogo, ikalia. Tulirudia mara sita, na mara zote sita ilinyamaza hapo hapo.

Nikafungua mnyororo. Kebo zilikuwa zimevishwa soksi nyeusi ya nailoni, na nilipoichana nikakuta kebo bapa ya wayaringi ya nyumba, ile ya kufungwa ukutani, yenye uzi mmoja mnene wa shaba katika kila waya. Ganda lilikuwa zima kabisa, lakini nilipolikata, shaba ilikuwa imekatika kama msumari uliopindwa na kunyooshwa mara nyingi. Kebo ya kwenye mnyororo inatakiwa iwe na nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, kwa sababu ua moja tu huipinda mamia ya mara. Tena hailazwi kwa kubanwa, hukaa huru ndani ya mnyororo na kushikiliwa kwenye ncha zake tu. Yeye alikuwa amezifunga zote pamoja kwa tai za plastiki kila baada ya shibiri. Waya za swichi alizilaza ubavuni mwa kebo ya mota ya kukatia, ambayo inveta huipigia umeme wa kukatika maelfu ya mara kwa sekunde, na sasa ninaelewa kwa nini mashine ilikuwa ikisimama katikati ya meza na kudai imefika mwisho.

Fundi wa pili alizibadilisha zote, akaitenga kebo ya inveta, akachagua yenye wavu wa shaba chini ya ganda na kuufunga wavu huo kwenye ethi. Tangu hapo mashine haijasimama ovyo, na kila Jumamosi tunapuliza vumbi la mbao lililojaa kwenye pingili za mnyororo na kukagua maganda.

Nilikusudia kuandika kwamba yule wa kwanza hajui kazi. Si haki. Kisanduku chake kilipangwa kwa usafi, kila waya ina namba, na fundi wa pili alikiri kwamba namba hizo zilimwokolea siku nzima. Nilikuwa tayari kumsamehe kama mtu aliyekosea.

Lakini wakati wa kutafuta vipimo vya zamani nilifungua faili, nikaiona risiti yake. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, "kebo laini ya mnyororo, mita 24", na bei yake kamili nililipa. Basi alijua kinachotakiwa, akaweka kingine, akakivisha soksi nisikione, kisha akanisimamia mlangoni na kuniambia mimi ni mtu wa mbao. Mlango wa mteja nilichonga upya kwa mninga wangu.

Namba yake ya simu bado ninayo. Juzi jirani mwenye mashine kama yangu aliniomba, nikampa kipande cha ile shaba iliyokatika akaitazame kwanza, na namba nikamnyima.