Sampla gani ununue kama teki zako ziko tayari na unataka ziwe wimbo

Una teki (sauti ulizokwisha rekodi) nne za vokali, mbili za gitaa, bezi moja, zote zimelala kwenye simu au kompyuta na umeamua wimbo uupange kwenye sampla, yaani mashine yenye pedi za kugonga zinazopiga sauti ulizoziweka, sio kwenye skrini ya laptop. Poa sana. Ila ukiingia dukani au ukicheki video utaonyeshwa efekti na taa za rangi, wakati mtu mwenye teki zake anatakiwa aulize mawili tu kwanza: teki ndefu inaingia yote? na mashine inaniruhusu kupanga vesi, korasi, vesi, briji mpaka mwisho bila kuibembeleza?

Hilo la kwanza piga hesabu mwenyewe. Sauti ya stereo ya biti 16 kwa kHz 48 inakula kama megabaiti 11 na nusu kwa dakika moja, mono (chaneli moja badala ya mbili za stereo) ni nusu yake. Ukishajua hapo, namba za kwenye boksi zinaanza kukwambia kitu.

Namba moja kwangu ni Akai MPC One+. Ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2, skrini ya kugusa ya inchi 7, na kubwa kuliko yote ina traki 8 za audio, yaani vokali ya dakika nne unairekodi moja kwa moja kwenye wimbo kama studio, hulazimiki kuikatakata kwanza iingie kwenye pedi. Programu yao ya toleo la 3 imeleta na ukurasa wa kupanga wimbo kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia, unaona korasi iko wapi, unainakili, unaisogeza, basi. Ilipotoka 2023 ilikuwa kama dola 699. Kasoro zake mbili zijue kabla hujatoa hela: haina betri, na matundu ya kuingizia sauti ni ya laini tu kwahiyo maiki lazima ipitie kwenye mikisa au priampu (kifaa cha kuinua sauti ya maiki) kwanza. Kwenu umeme ukikatika kila jioni, angalia MPC Live II, hiyo ina betri ndani, ila mfuko utaumia zaidi.

Ya pili Roland SP-404MKII, na nakiri hii ndio naipenda kwa moyo wote. Ilitoka 2021 kwa kama dola 500, ina GB 16 ndani, sampo (kipande cha sauti ulichoweka) moja inaweza kufika dakika 16, na kila projekti ina nafasi 160 za sampo. Inatumia betri sita za AA au paua benki kwa USB-C, na mbele ina tundu la maiki au gitaa, kwahiyo hata kibarazani unafanya kazi. Tatizo ni upangaji. Unatengeneza pateni (vipande vifupi vinavyojirudia) halafu unaziunga mnyororo, na kiskrini ni kidogo, ukikosea katikati unarudi kuhesabu kwa kidole. Mimi huwa nafanya hivi: korasi nzima naiacha kwenye pedi moja, vesi kila moja pedi yake, ngoma na bezi ndio zinakaa kwenye pateni, halafu vokali nazipiga kwa mkono mnyororo ukiwa unatembea na narekodi hiyo hiyo. Inataka teki zote ziwe zimerekodiwa na metronomu, kwa BPM (mapigo kwa dakika) moja, la sivyo ikifika korasi ya pili kila kitu kinaenda njia yake. Na unapokata anza kabla ya pumzi ya mwimbaji, sio baada, ukiikata pumzi sauti inasikika kama imebandikwa.

Tatu Elektron Digitakt II ya 2024. Traki 16, stereo, megabaiti 400 kwa projekti na modi ya wimbo ipo, nzuri tu. Lakini pateni yake inaishia stepu (hatua za kuweka sauti) 128, ambayo kwa mwendo wa kawaida wa stepu 16 kwa baa, yaani kila mapigo manne, ni baa 8, kwahiyo vesi ya baa 16 lazima uigawe mara mbili. Kwa mtu wa ngoma na vipande vifupi ni raha, kwa mtu wa vokali ndefu sioni thamani ya dola 999 ilizouzwa ilipotoka. Ile Digitakt ya kwanza ya 2017 ni mono na megabaiti 64 tu kwa projekti, kwa kazi hii iache.

Ya mwisho Teenage Engineering EP-133, dola 299 ilipotoka 2023, betri nne za AAA, nyepesi, inafurahisha mno. Zile za mwanzo zina megabaiti 64, yaani kama dakika 5 na nusu za stereo kwa kila kitu ulichonacho. Weka teki zako kwa mono na ukate vipande vifupi utafika, ukitaka kuweka wimbo mzima wa kuimbwa utakwama.

Ukinunua iliyotumika usikubali picha. Kuna muuzaji aliniletea mashine ina pedi mbili haziitiki mpaka uzikandamize, nikagundua nimeshafika nyumbani. Nenda na hedifoni zako na faili moja ya sauti yako, gonga kila pedi taratibu halafu kwa nguvu, zungusha kila nobu huku unasikiliza kama inakwaruza, rekodi kitu kifupi, hifadhi, zima, washa tena, ukikikuta hapo ndio utoe hela.