Uzoefu wangu: umeme wa kisogoni kwa jicho vivu, na yule binti wa mkasi

Hii ni mara ya tatu naandika tathmini hii ya kliniki iliyonipiga umeme kwa ajili ya jicho. Ya kwanza nilitoa nyota moja, nikafuta. Ya pili nikatoa nne kwa sababu ya chai, nitaeleza mbele. Leo asubuhi nikiwa naoga nimeukumbuka ule mkasi, basi nyota zote nimezichukua mwenyewe, tuanze upya.

Mimi mtu wa Tanga, naishi Toronto, na jicho langu la kushoto ni jicho vivu. Si makengeza, ukiniangalia usoni huoni kitu. Jicho lenyewe zima kabisa. Ila tangu utotoni lilihitaji miwani mikali kuliko mwenzake na hakuna aliyejua, maana mtoto anayeona vizuri kwa jicho moja atalalamika nini? Ubongo ukazoea kusikiliza la kulia tu, la kushoto likawa kama mke asiyepewa zamu. Nimekuja kugundua mtu mzima na akili zangu, siku ya kupimwa macho kwa ajili ya leseni ya gari. Waliponiziba la kulia, herufi za ukutani zikawa kama zimezama kwenye maji ya mto.

Kila daktari niliyemwona baada ya hapo alisema neno moja: umechelewa. Kuziba jicho linaloona vizuri ili lile vivu lifanye kazi ni dawa ya watoto, na ukishapita miaka saba, minane, matumaini yanapungua. Wazo hilo lina mizizi kwa wanasayansi Hubel na Wiesel, wale waliowashona kope watoto wa paka wakaona ubongo unavyolitelekeza jicho lililofungwa utotoni. Walipewa Nobel 1981. Nikajihesabu paka mzee, nikatulia.

Kilichoniamsha ni Montreal, mwendo wa saa tano na ushee kwa gari kutoka kwangu. Watafiti wa pale Chuo Kikuu cha McGill mwaka 2008 walichapisha kwamba wamechukua watu wazima wenye jicho vivu, wakawapigia mapigo ya sumaku nyuma ya kichwa bila kuchana ngozi wala kutoboa fupa, na jicho vivu likaanza kutofautisha mistari iliyofifia ambayo lilikuwa haliioni. Kwa muda mfupi tu, lakini liliona. Mwaka 2013 wakaja na mapigo ya aina nyingine, siku tano mfululizo, na walipowapima tena hadi siku ya 78 nafuu ilikuwa bado ipo. Watu wenyewe walikuwa wachache, wa kuwatosha kwenye daladala moja na viti vikabaki. Hilo nililisoma nikaliruka, kama mtu mwenye shida anavyoruka maandishi madogo.

Kliniki niliyoipata haikuwa na sumaku kwa watu kama mimi. Walikuwa na umeme mdogo, wa betri, miliampea 2. Sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, moja kisogoni ambako ubongo unapokea picha, nyingine utosini, dakika 20, huku unacheza mchezo wa vitofali vinavyoanguka, ule wa Tetris, umevaa miwani ya rangi mbili. Jicho linaloona vizuri linaonyeshwa vitofali vilivyofifia, vivu linaonyeshwa vilivyokolea, hivyo huwezi kushinda bila yote mawili kushirikiana. Vipindi 10, dola 120 kimoja.

Daktari mwenye kliniki sina neno naye. Muungwana. Aliniambia wazi kwamba hii si tiba iliyoidhinishwa kwa jicho vivu, nikatia sahihi. Akaniuliza kama nina kifafa, kama nina chuma kichwani, kama nimewekewa kifaa cha moyo, kama nina vidonda vya ngozi. Wakaniuliza kila kitu kuhusu kichwa changu isipokuwa kilichoota juu yake.

Sasa sikilizeni. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimesuka. Saa sita nimekaa kwenye kiti kwa mama mmoja Mkongo, rasta ndogondogo, na kutoa nimetoa dola 220. Kipindi cha kwanza nimefika nimependeza, nimejipaka na mafuta ya nazi kidogo. Yule binti wa mashine, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akazunguka nyuma yangu akakaa kimya. Kimya kile wanawake weusi tunakijua.

Akabana sponji kisogoni. Mashine ikalia. Akaongeza maji ya chumvi. Ikalia. Umeme ule unatakiwa uguse ngozi, na pale kulikuwa na nywele zangu, juu yake nywele za plastiki, juu yake mafuta ya nazi. Hapo simlaumu, mashine ilikuwa na haki ya kulia. Lakini yeye badala ya kusimama tuzungumze, anazidi kumimina. Maji yakashuka shingoni, yakaingia kwenye blauzi, yakanifika kiunoni. Chumvi ile, jamani. Nimekaa pale kama papa anayeandaliwa kwa ng'onda.

Nikamwambia, "Samahani, labda tugawanye hizi rasta kwa kitana cha mkia, sponji iingie katikati."

Akasema, "Hakuna aliyekuambia?"

Nani aniambie? Kwenye karatasi yao waliandika njoo umekula, njoo na miwani yako. Basi.

Akavuta droo. Nikasikia chuma. Nikageuka, ameshika mkasi, uso hauna hata wasiwasi, akasema, "Tukikata mbili tatu tu za hapa chini, hakuna atakayeona." Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Nywele za aina hii ndizo zinazotusumbua."

Nilisimama na sponji imening'inia. Kiswahili kilichonitoka pale siwezi kukiandika hapa, mama yangu anaweza kusoma. Yeye hakuelewa hata neno moja, ila alielewa.

Na nilipofika mapokezi, kipindi kile kilihesabiwa kimetumika. Dola 120 kwa kuloweshwa.

Ningekuwa na akili ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeshalipia 10. Nikarudi kwa yule mama kufumua mistari ya kisogoni, naye alipoona nywele zilivyokakamaa kwa chumvi akapiga makofi: "Ee mama! Nani aliharibisha kazi yangu?" Nikamweleza napigwa umeme ili nione vizuri. Aliniangalia muda mrefu, akasema ataniombea.

Vipindi tisa vilivyobaki vilikwenda. Mfanyakazi mwingine, kijana mpole, alikuwa anaomba ruhusa kila anaponigusa. Umeme wenyewe si wa kuogopa, unawasha dakika moja mbili kama sisimizi wametembea, kisha unasahau. Kwenye mchezo nilianza kama kipofu, vitofali vinanipita, siku za mwisho nikawa nashinda mpaka naudhika wakinizimia.

Nilipopimwa, jicho la kushoto limeongeza mstari mmoja wa herufi. Mstari mmoja! Nikampigia dada yangu Tanga nikilia. Kisha daktari wangu wa macho wa siku zote, mtu mkavu yule, akaniambia mstari mmoja unaweza kuongezeka hata kwa kupimwa siku umelala vizuri. Na hata kama ni kweli, nani ajuaye ni umeme au ni ule mchezo? Swali la haki. Nilimchukia wiki nzima.

Lakini nisikilizeni kuhusu chai. Mtu anayetumia jicho moja hapimi vizuri umbali wa vitu vya karibu. Maisha yangu yote, nikimimina chai kutoka kwenye chupa, lazima mdomo wa chupa uguse ukingo wa kikombe, ting, ndipo nimimine. Nyumbani walikuwa wananicheka, wanasema najigongea kengele ya kiamsha kinywa. Asubuhi moja, mwishoni mwa vipindi vile, nilimimina. Hakukuwa na ting. Nilikiona kikombe kiko *kule*, chupa iko *huku*, na katikati kuna nafasi, hewa tupu yenye kina, na chai inaivuka. Nikamimina vikombe vitano, na nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikavipanga mezani nikavitazama vinavyotoa mvuke, kimoja mbele ya kingine.

Kwa hiyo nyota nne? Nilitoa nne, ndiyo. Kisha miezi ikapita na ting ikaanza kurudi. Si kila siku. Nikichoka, jioni, au nikiwa na mafua. Juzi nimemwaga kwenye kitambaa cha meza cha wageni. Niliwaandikia kliniki kuuliza, na humohumo nikadai dola zangu 120 za siku ya mkasi. Wamejibu kwa adabu nyingi kwamba fedha hawarudishi ila wananipa kipindi kimoja cha bure, na kwamba yule binti bado yupo, "amepata mafunzo." Mafunzo ya nini, hawakusema. Ya kushika mkasi?

Mbili. Andikeni mbili. Au acheni wazi kwanza.

Jumamosi nilikuwa kwa yule mama tena, nasuka. Nimemwambia kisogoni aniachie wazi, mraba wa ukubwa wa kiganja, bila rasta na bila mafuta. Akauliza, "Unarudi kule?" Nikamwambia asuke tu.