Chakula kikavu cha mbwa wa kazi: uzoefu wangu na mbwa wa shamba, Jilore, Malindi

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Hiki chakula kikavu cha gunia, kile cha mbwa wa kazi chenye protini asilimia 30 na mafuta 20, kinafaa na ntaendelea kukinunua msimu wa mahindi, lakini sio mwaka mzima na sio peke yake. Jina la kampuni siliandiki manake hesabu hizo utazikuta kwenye gunia za kampuni kadhaa, na ukishajua kusoma mgongo wa gunia utachagua mwenyewe kulingana na kilichoko dukani siku hio.

Mbwa wangu wa kazi ni wawili, Chui dume na Mwewe jike, wa kienyeji lakini wana damu ya pointa, ile mbegu ya mbwa wa mawindo, kilo ishirini ishirini hivi. Wako shamba upande wa Jilore, na yeyote anayelima karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke anajua, mahindi yakianza kubeba tu nyani wanakuja mchana na nguruwe mwitu usiku, ukizembea umewalimia wao. Kuwinda wanyama pori Kenya kumepigwa marufuku tangu 1977 kwa hivo hawa wangu damu ni ya mawindo lakini kazi ni kufukuza, wakifika ukingo wa msitu napiga mluzi wanarudi. Ila kwa mwili wa mbwa kukimbia ni kukimbia, na kwa joto letu hili ndio usiseme.

Huku kwetu mbwa hula sima. Sima na mchuzi uliobaki, na vikipatikana vichwa vya samaki kutoka mjini basi siku hio ni karamu. Siidharau, imelea mbwa wengi, na mbwa anaweza vizuri tu kusaga unga uliopikwa. Shida ni kwamba mbwa anayekimbia muda mrefu nguvu zake nyingi anazitoa kwenye mafuta sio kwenye wanga, na gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga. Mbwa wa kilo ishirini anayeshinda amelala anatosheka na kalori 1000 hivi kwa siku, akiwa kazini anaweza kutaka hata mara mbili yake, sasa hio mara mbili ukitaka kumpa kwa sima utamjaza tumbo mpaka hawezi kuruka mtaro na bado mbavu zinahesabika.

Kwa hivo nikifika agroveti nageuza gunia kwanza, picha ya mbwa anayeng'aa kule mbele sina haja nayo. Mgongoni wanaandika protini ghafi, mafuta ghafi, nyuzi na unyevu. Shirika la AAFCO la Marekani, ambalo vipimo vyake hutumika sana kwenye biashara hii, linasema mbwa mzima asipungukiwe protini asilimia 18 na mafuta 5.5 ukishatoa maji. Hicho ni kiwango cha chini cha mbwa wa kawaida, sio cha kukimbizana na nyani. Alaf soma viungo, vinapangwa kwa uzito, cha kwanza ndicho kingi. Ukiona inaanza mahindi, pumba za ngano, soya, na nyama inachungulia mwisho mwisho huko karibu na chumvi, ujue unanunua sima iliyokaushwa kwa bei ya nyama.

Niliwabadilishia polepole, robo ya kipya na robo tatu ya walichozoea, alaf nusu kwa nusu, hivo hivo mpaka wiki ikaisha, manake ukimgeuzia mbwa ghafla chakula chenye mafuta ataharisha na utakilaumu chakula bure. Kitu cha kwanza kubadilika ni choo. Kikapungua, kikawa kigumu cha kuokoteka, sio ule uji mwingi unaotoka baada ya sima. Kwa asiyefuga hili litamkera kusoma, lakini choo ndio ripoti ya chakula na mie nakiangalia kila asubuhi. Manyoya ya Mwewe mgongoni yakalala yakang'aa na mba ikaisha.

Lakini kilichonifurahisha hasa ni kule shambani. Nyani wanakuja kundi zima jua likishapanda kidogo, dume kubwa linakaa kwenye mwembe linapiga doria. Zamani Mwewe akishawafukuza mara ya kwanza na ya pili, ya tatu anasimama kivulini ulimi nje, Chui anaenda peke yake, na lile dume lina meno ya kumpasua mbwa, mbwa mmoja mbele ya dume la nyani ni hatari tupu. Msimu huu Mwewe anatoka tena na tena, wanaenda wawili bega kwa bega mpaka ukingoni, akirudi anahema kidogo, anakunywa maji, anatulia, masikio bado yamesimama kuelekea msituni. Nikimuona vile roho yangu inapoa.

Kuna mzee jirani yangu, namheshimu sana, amefuga mbwa tangu enzi za mawindo yenyewe, aliponiona nashusha gunia akaniambia "mwanangu, mbwa ukimshibisha hawindi, muache na njaa yake." Nikamwambia baba, naomba uje asubuhi uwaangalie. Kwa heshima zote hilo silikubali hata kidogo na wengi bado wanaliamini. Mbwa mwenye njaa hafukuzi nyani, anatafuta chakula, atavunja banda la kuku la jirani, ataingia msituni kutafuta paa na hapo wewe mwenyewe umeshaingia kwenye kesi na KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Hamu ya kufukuza iko kwenye damu yake, haiko kwenye tumbo tupu. Mzee alikuja kweli, akakaa na kahawa yake akawatazama, hakusema kitu, ila jioni akaniuliza gunia linauzwa pesa ngapi.

Na bei ndio penye uchungu. Ni ghali, yaani mkulima wa kawaida hawezi kulisha hicho tu mwaka mzima na simlaumu, nyota ya tano nimekinyima kwa sababu hio. Wengine tunajaribu kupimiwa kilo kilo, hapo muwe macho sana. Malindi nyumba nyingi hazifugi mbwa kwa ajili ya dini kwa hivo gunia linaweza kukaa dukani muda mrefu, angalia tarehe. Kuna duka nilipimiwa kutoka gunia lililoachwa wazi, nikafungua mfuko nyumbani harufu kama rangi ya kupaka mlango, Chui akanusa akaondoka zake. Hayo ni mafuta yamechacha, na chakula chenye mafuta mengi ndio kinachacha haraka kwenye joto na unyevu wa pwani. Sasa nanunua gunia lililofungwa na nalihifadhi ndani ya ndoo yenye kifuniko, ndani ya nyumba sio chini ya mabati.

Kupunguza gharama nachanganya, theluthi mbili ya gunia na iliyobaki ni samaki wa kuchemsha na sima kidogo. Samaki nachemsha kila mara, manake baadhi ya samaki wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 na moto ndio unakimaliza. Ila jamani msizoe samaki waliotupwa ufukweni bila kuchagua mmoja mmoja, bunju, yule samaki anayejivimbisha, akiwemo hapo sumu yake haitoki hata umchemshe kutwa, inaua mbwa na inaua mtu. Mchuzi wenye kitunguu hapana, kitunguu kinavunja damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka ncha ncha. Na lile la unga ukishika ukungu watu husema "wapeni mbwa", nawaomba muache, ule ukungu unaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, ni ile ile iliyoua watu zaidi ya 100 Ukambani 2004 kwa mahindi, na ini la mbwa linaumia nayo vibaya sana, utaona macho yamegeuka manjano na umeshachelewa.

Saa ya kula pia ni sehemu ya chakula. Mlo mzito ni jioni, baada ya kazi na wakishapumzika saa nzima au zaidi. Mbwa mwenye kifua kirefu kama hawa wenye damu ya pointa akila akashiba alaf akakimbia, tumbo linaweza kujaa hewa likajipinda, na bila daktari wa mifugo kumpasua haraka anakufa, na kutoka Jilore mpaka umfikishe kwa daktari si leo. Asubuhi wanapata kiganja tu cha kuonja, wakati mwingine hata hicho hapana. Maji lakini yako saa zote kivulini, mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema na kila akihema anapoteza maji.

Kipimo changu ni gramu 300 hivi kwa siku za kupumzika, msimu ukikolea natoka 450 mpaka 500 kila mmoja, ila nafuata mkono wangu kuliko jedwali la gunia. Napitisha vidole ubavuni, mbavu nizihisi bila kubonyeza, na nikisimama juu yake kiuno kionekane. Mahindi yakishaingia ghalani nawapunguzia kidogo kidogo, wanarudi kwenye chakula chenye mafuta ya wastani na sima yao na samaki, manake mafuta 20 bila kukimbia ni kumnenepesha mbwa, na Mwewe akinenepa msimu mkavu itabidi nimkondeshe tena kabla ya masika, kazi mara mbili.