TAHADHARI: Taa ya presha ya dizeli niliyofungiwa Kampala ilikuwa ya uongo

Ndugu zangu madereva na wenye malori, hasa mnaoingilia Malaba na Busia kwenda Kampala: kuna mtu upande wa Ndeeba anafunga taa za kuonya presha ya dizeli ikishuka. Mkimbieni. Ni mwizi, na wizi wake unaua injini. Jina lake siliandiki kwa sababu kesi iko polisi na sitaki apate pa kujishikia, lakini akianza kuongea tu utamjua.

Kwa nini niliitafuta hiyo taa, walio karibu nami wanajua, habari za ile pampu ya kwanza iliyonifia sizirudii. Injekta pampu yetu, ile pampu kubwa inayosukuma dizeli kwenye injini, ni ile ya duara, haina oili yake. Dizeli ndiyo inayoilainisha na dizeli ndiyo inayoipoza. Pampu ndogo inayoleta mafuta kutoka kwenye tanki ikichoka, au filta ikiziba, injini haizimi, na ubaya wote uko hapo. Injekta pampu inajivutia yenyewe kile kidogo kinachofika, gari linatembea, na huko ndani chuma kinasaga chuma. Dereva hana habari mpaka siku limekataa kabisa.

Haya yote yule mtu alinieleza kabla mimi sijafungua mdomo! Akanipa na habari za Marekani, za pikapu za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, zile za kati ya 1998 na 2002 zenye injekta pampu ya Bosch VP44: pampu ndogo inakufa kimyakimya, kubwa inaifuata, na ndiyo maana wenyewe wanaongeza geji au taa ya kuonya. Niliporudi kumuuliza fundi wangu, akasema hilo ni kweli tupu. Sasa mtu anayejua ukweli kiasi hicho utamshuku vipi? Nikamuuliza swichi ya kupima presha inakaa wapi, akajibu baada ya filta, kabla ya injekta pampu. Fundi yeyote mzuri angejibu vilevile. Asije mtu hapa chini kuniambia nilikuwa na haraka. Niliuliza kila kilichopaswa kuulizwa.

Bei ilikuwa laki nne na nusu: taa, baza, swichi na ufundi. Akasema, "Ssebo, hii si ya China, swichi ni ya Ujerumani." Akanionyesha kopo lenye maandishi ya Kijerumani. Vijana wake wawili wakalala chini ya gari, waya wakauvalisha ule mpira mweusi wenye mikunjo, wakaufunga kwa tai za plastiki, safi kabisa, hakuna mahali unaning'inia. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho kuliko waya za kiwandani. Taa akaipachika kwenye dashibodi, mkono wa kulia, nyekundu, ndogo.

Halafu akaniita. "Mzee, njoo uhakikishe mwenyewe, mimi sipendi maneno baadaye." Akanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe. Nikageuza ufunguo: taa ikawaka, baza ikalia. "Unaona? Hakuna presha, injini imelala." Nikapiga stata, injini ikashika, taa ikazima na baza ikanyamaza. "Unaona? Presha imepanda." Nikazima, nikawasha tena, mambo yakawa yaleyale. Turniboi wangu alikuwa amesimama mlangoni, akapiga makofi. Nikamtumia pesa yote kwa simu palepale, na nikamwongezea vijana wake za chai. Hiyo ya chai inaniuma kuliko ile laki nne.

Tukapakia saruji Tororo, safari ya Elegu. Mbale tukapita, Soroti tukapita. Kabla ya Dokolo gari likaanza kupoteza nguvu kwenye vilima vidogo ambavyo siku zote tunavipanda bila kubadili gia. Naitazama taa: imezima. Naitazama tena: imezima. Nikasema basi dizeli iko sawa, labda ni bomba la turbo linavuja hewa. Msinilaumu kwa kuendelea, hiyo taa niliinunua ili iniambie simama, nayo haikusema. Tukaenda hivyo mpaka gari likakohoa, likatoa moshi mweupe na kuzima. Halikuwaka tena. Tulilala barabarani na mzigo wa watu juu, na mwenye mzigo anapiga simu kila saa.

Fundi aliyetoka Lira ndiye aliyefungua ule mpira mweusi. Nilikuwa nimeshika tochi. Waya wa taa haukwenda kwenye filta hata kidogo. Ulirudi nyuma, ukazunguka block ya injini, ukaenda kuungwa kwenye oltaneta inayochaji betri, kwenye ule mguu unaowasha taa ya chaji! Ndiyo maana iliwaka ukigeuza ufunguo na kuzima injini ikishika. Ilikuwa taa ya chaji ya pili, basi. Na swichi "ya Ujerumani"? Ilikuwa swichi ya oili ya gari dogo, imefungwa kwa boliti kwenye brakiti kando ya filta, mdomo wake umejazwa silikoni. Tone moja la dizeli halijawahi kuugusa. Mtu alikaa chini akapanga hilo. Hakukosea, alipanga.

Pampu ndogo ilikuwa imekufa, na injekta pampu imejisaga. Mnajua bei zake, sisemi.

Nilipompigia alisema nimechezea waya mwenyewe. Nikamtumia picha, akanifungia namba. Nikaenda Ndeeba, mlango una kufuli, majirani wote hawajui chochote. Mtu wa namna hii faini haimtoshi. Afungwe, na atoke ameshalipa kila gari aliloliua. Kama breki au usukani ungeharibika kwa mtindo huu tungekuwa tunazika watu. Nawaomba na watu wa UNBS, wanaosimamia ubora wa bidhaa, wapite kwenye hayo maduka ya spea wafungue hayo makopo. Na wale vijana wawili nao wakamatwe, walijua wanachounga.

Kwa mwenye taa kama hiyo: usiiamini kwa kuwaka na kuzima tu. Weka ufunguo on, injini ikiwa imelala, upampu dizeli kwa mkono. Taa ya kweli inazima presha ikipanda, hata kama injini haijawaka. Yangu isingezima. Tena ya kweli mara nyingi inachelewa kidogo kuwaka ukizima injini na kurudisha ufunguo on, kwa sababu presha haishuki papo hapo. Yangu iliwaka palepale, na pale ndipo palikuwa na dalili. Fuata waya kwa mkono mpaka mwisho, hata ukiambiwa unaharibu garantii. Na fundi asiyekuuliza kama filta yako iko upande wa kuvuta au wa kusukuma, yaani kabla au baada ya pampu ndogo, mwache.

Kesi niliyofungua polisi ina namba ya SD, yaani namba ya kitabu cha kumbukumbu cha kituo, nitaitoa kwa yeyote aliyeibiwa na mtu huyu akiniandikia pembeni. Leteni picha za waya kabla hamjazing'oa, na meseji za malipo msifute. Nasikia kuna mwingine wa Mbarara amefungiwa ileile. Kama uko hapa, jitokeze. Tukiwa watatu au wanne hataweza kusema tulichezea waya wenyewe.