Defender ya bure ya Windows: mwaka na nusu dukani kwangu Tanga

Nina stesheneri ndogo Ngamiani, kompyuta tatu, printa mbili na mashine ya laminesheni. Watu wananiletea CV, barua, picha za pasipoti, vyeti na vitambulisho vya NIDA vya kuskani kwa ajili ya maombi ya kazi na mikopo ya chuo. Flashi hapa kwangu ni waja leo waondoka leo, siku ikichangamka zinachomekwa hata ishirini.

Naanza na kilichonikuta maana bila hicho nisingeandika. Kijana ninayefanya naye kazi alipakua programu ya picha, zile za krak, yaani za kulipia zilizochezewa zitumike bure, maelezo yake yakamwambia zima antivairasi kwanza ndo itaingia. Akazima. Kesho yake asubuhi nawasha mashine kubwa naona faili zote zimekuwa karatasi nyeupe, kila jina limebandikwa herufi nne nisizozijua, na kwenye folda kuna kifaili kinaitwa _readme.txt kinachodai hela ndo faili zifunguliwe: dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa 490. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akaingia binti mmoja, "Shikamoo mama, nimefuata ile CV yangu, usaili kesho." Nikamwambia ukweli, tukakaa tukaiandika upya kuanzia jina lake mpaka usiku.

Sikulipa. Fundi alipeleka faili moja pamoja na kile kikaratasi kwenye tovuti ya No More Ransom, ile ya polisi wa Uholanzi na Europol, shirika la polisi la Ulaya, na wenzao, wapo tangu 2016 na wanatoa bure funguo za baadhi ya hivi virusi. Wangu haukuwemo. Kazi za miaka minne zikaenda hivyo hivyo, na vitambulisho vya watu vimo humo humo, hicho ndo kilininyima usingizi kuliko hela.

Sasa Defender. Nilikuwa najua antivairasi ya maana ni ya kununua, kumbe hii inakuja na Windows yenyewe, haina malipo, na kwa duka kama langu inatosha kabisa ila usiiache ilivyo. Ndani yake kuna sehemu ya Ransomware protection, yaani kinga ya virusi vinavyofunga faili na kudai hela kama vile vyangu, mle kuna kitu kinaitwa Controlled folder access na kinakuja kimezimwa! Washa. Kikiwaka, programu isiyojulikana haigusi Documents wala Pictures. Kinasumbua mwanzoni, programu yetu ya picha za pasipoti ilikataa kusevu siku nzima huku wateja wamesimama, mpaka nikaiingiza kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Apdeti zinakula bando, nazo usizikatishe.

Flashi za wateja ndo imenifurahisha zaidi. Juzi mwalimu kaleta mitihani, kufungua folda zote zimekuwa shortcut, Defender ikapiga kelele kabla sijabonyeza. Mitihani ilikuwepo imefichwa tu, tukaandika ile komandi ya attrib ya kufichua faili zilizofichwa, ikarudi yote, mwalimu wa watu akashusha pumzi.

Lakini Defender hairudishi kilichokwisha fungwa. Kwa hiyo nimenunua diski ya nje, kila Jumamosi jioni nakopi kazi zote halafu naichomoa naenda nayo nyumbani, maana ikiachwa imechomekwa virusi vinaifunga nayo. Skani za NIDA tunafuta mteja akishachukua kazi yake. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu 1 Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu kakukabidhi kitambulisho chake jamani.

Kasoro ninayoiona kubwa ni mashine za zamani. Windows 10 kwa kawaida iliacha kupewa apdeti za usalama 14 Oktoba 2025, na kompyuta yangu moja haikubali Windows 11. Hiyo nimeitoa kwenye intaneti, inachapa barua tu, na flashi ya mteja haichomekwi pale hata awe shemeji yangu.